Kiti cha Kushoto

Gari la baba lilinuka plastiki iliyopigwa na jua na marashi ya watu tusiowajua. Harufu hiyo iliingia nyumbani kwetu Ndosho, mjini Goma, kiangazi kimoja, nilipokuwa na miaka kumi, na mpaka leo nikipanda gari lililotoka ng'ambo hufungua dirisha kwanza. Wengine hukumbuka utoto wao kwa harufu ya maandazi, au ya mvua ya kwanza. Mimi nakumbuka plastiki, na vumbi letu jeusi la mawe ya volkano likitua juu yake kila asubuhi, na baba akilipangusa kwa kitambaa laini kuliko shuka tulizolalia.

Baba aliuza viatu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye vitu vyenye nyaya. Tulikuwa na televisheni, deki, dishi la satelaiti na redio kadhaa ambazo hazikuelewana hata kuhusu saa. Umeme ulikuja ulipotaka, kwa hiyo nusu ya vyombo hivyo vilikaa sebuleni kama wageni ambao hawajaambiwa wavue makoti. Mama alivifunika vitambaa vya kufuma. Baba alivifunua ili watu wavione. Sijawahi kuelewa kwa nini mtu anayebishana na mteja kuhusu kila mshono wa kiatu huamini papo hapo kila kinachowaka taa. Nimesomea kompyuta chuo kikuu, nimekaa na wahandisi, na bado sijapata jibu lisilokuwa tusi.

Gari lile lilipita Uganda na kuingia nchini kupitia mpaka wa Bunagana, likiwa bado na lugha yake ya Kijapani. Ukiwasha injini, sauti ya mwanamke ilisema maneno machache kwa upole. Baba aliwatangazia majirani kwamba anatusalimia, na akina mama waliokuwa wakipita na ndoo wakainama dirishani kumjibu, "Aksanti, mama! Karibu Goma!" Chini ya sauti hiyo palikuwa na kioo cha ramani, chote cha buluu, na alama ndogo ya gari katikati. Baba alikigonga kwa kucha.

"Muone ziwa letu," alisema. "Hata Wajapani banalijua."

"Papa, mbona gari liko ndani ya maji?" niliuliza.

Watu walicheka. Baba hakucheka. Tulikwenda mpaka Mugunga, tukarudi mpaka Katindo, na muda wote alama ile ilielea katika maji yale yale. Nilipouliza tena, aliniambia nina mdomo mrefu kwa mtoto wa kike.

Lakini gari lilinihitaji, na hiyo ndiyo sehemu ninayoikumbuka kwa furaha, ingawa furaha yenyewe imeoza. Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na magari mengi ya namna ile yana usukani kulia pia, kwa kuwa yalitengenezewa nchi zinazoendesha kushoto. Dereva anakaa karibu na mtaro. Akiwa nyuma ya lori hawezi kuona kinachokuja mbele mpaka atoe nusu ya gari katikati ya barabara. Kwa hiyo anayekaa kiti cha kushoto humtazamia njia. Huo ndio utaratibu wa madereva wa Goma, na hakuna aliyeuandika mahali popote. Dereva anauliza, "Kuko nini?" Wa kushoto anachungulia, anajibu "Bado" au "Pita." Mama aliogopa kukaa pale. Nikawekwa mimi, na mto chini yangu ili nifikie dirisha.

Nilijifunza haraka. Nilijua pikipiki inayoyumba na ile inayokimbia. Nilijua kwamba chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inaposhuka kutoka Masisi na magunia ya viazi, mwenye nayo hasimami eti kwa sababu umempigia honi. Baba aliuliza, nami nikasema, na lile gari zito likatii neno langu. Nyumbani sikuwa na neno hata juu ya nywele zangu. Ndani ya gari, mtu mzima aliniuliza na kunisadiki.

Kisha akaja Tonton Dezire, mjomba wa heshima tu, rafiki wa baba kutoka Katindo, na kamera ndani ya boksi. Yeye ndiye aliyemletea baba kila kitu kilichokuja kuharibika. Aliifunga chini ya kioo cha pembeni, upande wa kushoto, akavuta waya mpaka kwenye kioo kidogo cha picha mbele ya usukani.

"Sasa unaona mwenyewe, muzee," alisema. "Huhitaji tena macho ya mutoto."

"Mashine haisinzii," baba alisema.

"Mimi nilisinzia siku gani, Papa?"

"Faida, shuka. Kaa nyuma."

Tonton alikaa juu ya mto wangu, hata hakuutoa. Nilikaa nyuma yake, nikimwangalia kisogo kwa chuki ambayo sikujua kwamba mtoto anaweza kuwa nayo. Nilisema vumbi litaziba ile kamera. Tonton akaniuliza kama nimesomea Japani.

Jumapili iliyofuata tulikuwa barabara ya kwenda Sake, nyuma ya lori lililobeba mbao na kutoa moshi mzito. Tonton alikuwa akisifu mwanga wa kioo. Niliegemea dirisha langu na kuona chukudu inashuka, imejaa, na mwanamume amepiga goti juu yake. Baba hakuuliza. Alitazama kioo, ambacho kilionyesha kijivu kitupu cha lenzi iliyojaa vumbi, kama barabara isiyo na kitu, akaanza kutoka.

"Bado!" nilipiga kelele. "Papa, bado!"

Alitoka. Nakumbuka mlio wa mbao za chukudu zikivunjika, kisha viazi vikibingirika chini ya gari kama vina haraka ya kwenda mahali. Yule mwanamume alikuwa amekaa kando ya barabara, akiutazama mguu wake uliogeukia upande ambao mguu haugeukii. Hakulia. Aliuliza tu kama chukudu yake imepona. Haikupona, na yeye hakusukuma chukudu tena.

Watu walipotuzunguka, baba alisema chukudu haikuwa na breki. Jioni, mbele ya mama na wajomba, akaboresha maelezo: "Huyu mutoto alilia nyuma yangu, nikashituka." Tonton akatikisa kichwa kuthibitisha. Nilisimama mlangoni nikingoja mtu mmoja aulize nililia kwa sababu gani. Mama akaniambia tu, kwa jina la kumbembeleza binti, "Acha, maman, papa yako amechoka." Kuanzia siku hiyo ikawa hadithi ya nyumba. Ilisimuliwa kwenye harusi, kwenye Idi, mbele ya mwanamume aliyetaka kunioa. Faida na kelele zake.

Leo Goma imejaa simu zenye ramani zisizoelea baharini. Vijana wa rika langu wanabishana kuhusu kamera na betri kwa imani ileile ya baba, na wananiona mwenye kinyongo. Mwalimu wangu mmoja chuoni alinifasiria pia maneno ya yule mwanamke wa Kijapani. Hakuwa akitusalimia. Alikuwa akilalamika kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Nilipomwambia baba, alisema mwalimu wangu alinidanganya.

Magoti yake hayamruhusu tena kuendesha, ingawa macho yake ni mazima. Naendesha mimi, gari jingine, usukani kulia vilevile. Mwezi uliopita, mbele ya wageni, alisimulia tena, na nikamwomba mara moja tu amalizie kwa neno nililosema siku ile. Alisema halikumbuki. Kesho yake nilimpeleka Sake, yeye kiti cha kushoto. Tulikuta lori la makaa likipanda polepole.

"Pita, maman," alisema. "Kuko wazi."

Sikupita. Nilifunga dirisha na kubaki nyuma ya moshi.

"Niko naona vizuri, Faida. Kuko wazi kabisa."

Huenda palikuwa wazi. Alisema tena, kwa sauti kubwa, mkono wake ukipiga dashibodi, na katika sauti hiyo niliitambua ile ya mtoto aliyeondolewa kwenye mto wake. Nilimtazama, kisha nikatazama mbao za nyuma ya lori. Tulifuata lori lile mpaka Sake.