Kofia kwenye Mlango wa Tanuri

Muuza mkaa mmoja wa Namuwongo alinikuta navuka reli wiki iliyopita, akaniambia hata kabla ya salamu kwamba yule mzee wa masizi wa Nsambya amefariki. Kifua, alisema, akajigonga chake kwa ngumi ili nielewe vizuri. Nilibaki nimesimama juu ya mataruma mpaka akanishika mkono na kunivuta pembeni kama mtu anayemtoa mbuzi barabarani, ingawa sote wawili tulijua kwamba garimoshi la siku ile lilikuwa limeshapita. Najua kuna wasomaji wanaonung'unika kwamba safu hii imegeuka kuwa makaburi, na kwamba nikishika kalamu lazima mtu awe amekufa. Mnisamehe. Mtu akifika umri wangu, wengi wa wale anaotaka kuwasimulia hawapo tena kujisimulia wenyewe, na huyu wa leo siwezi kumwacha aende kimya kimya.

Marehemu alikuwa Mkenya kutoka magharibi ya nchi yake, aliyeletwa Kampala na kazi ya reli enzi zile reli ilipokuwa moja kwa nchi zote tatu. Ilipogawanywa, yeye alibaki, kwa sababu, kama alivyopenda kusema, hakuna aliyemwambia aondoke. Alikuwa mfupi, mkavu wa mwili na mbishi kupindukia. Akiazima gazeti lako atalirudisha kesho yake pamoja na orodha ya mambo ambayo mwandishi hakuyafikiria. Safu hii aliisoma kila ilipotoka, na kila alipoisoma aliniambia kwamba ni ndefu. Watoto wa pale Nsambya walimwita mzee wa masizi, na hakukasirika, maana ndiyo kazi iliyomlisha ujana wake wote: kutoa masizi katika mabomba ya moshi ya injini za mvuke.

Wasomaji vijana hawajaiona kazi hiyo, basi nieleze. Injini ya mvuke ina tanuri nyuma, na mbele yake tumbo refu lililojaa maji. Ndani ya tumbo hilo yamelazwa mabomba membamba mengi, yanayopitisha moto na moshi katikati ya maji mpaka usoni mwa injini. Masizi yakigandamana humo, joto haliyafikii maji, na injini inakula mafuta bure bila kupanda kilima. Kwa hiyo, injini ikishapoa, watu wawili huishughulikia. Mmoja hufungua ule mlango mkubwa wa duara ulio usoni, na kusukuma brashi ya waya yenye fito ndefu ndani ya kila bomba. Mwingine hupenya kwa kutambaa kwenye mlango mdogo wa tanuri, akazoa masizi yanayodondoka, kisha akaweka taa kwenye tundu la bomba lililosafishwa. Wa mbele hutia jicho, na akiuona mwanga wote bila doa, husema neno moja tu, "Taa," nao wakahamia bomba linalofuata. Aliyesafisha peke yake hana haki ya kusema kwamba pamesafika.

Ila kulikuwa na hatari moja. Aliye ndani ya tanuri hawezi kuona nje, na aliye mbele hauoni mlango wa tanuri, kwa kuwa urefu wote wa boila, yaani lile tumbo la maji, uko kati yao. Mtu asiyejua akija kuwasha moto, aliye ndani hana pa kupitia. Kwa ajili hiyo watu wa masizi walikuwa na desturi yao ya kofia. Kabla ya kuingia, yule wa ndani humwomba mwenzake kofia yake, na mwenzake huivua na kuitundika kwenye mkono wa mlango wa tanuri. Kofia ikiwa hapo, ndani kuna mtu. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa, hata awe mkubwa wa karakana nzima. Aliyeitundika ndiye huitoa, tena baada ya kumwona mwenzake kwa macho yake akiwa nje. Angalieni kwamba mtu hakuingia kwa kofia yake mwenyewe. Aliingia kwa ya mwenzake.

Mshirika wa marehemu katika kazi hiyo alikuwa mzee mmoja mrefu kutoka kaskazini, wa ukoo wa askari na polisi, ambaye nyumba yake ilifunga Ramadhani na Kwaresima pia, maana mke alikuwa na dini yake na mume yake. Walisafisha injini pamoja tangu ujana, na wakapangiwa nyumba za reli zilizoungana ukuta pale Nsambya. Hata injini za mvuke zilipotupwa, wao wakapewa mifagio ya kufagilia uwanja wa mabehewa, waliendelea kwenda kazini bega kwa bega, mrefu na mfupi, wakibishana njia nzima. Kisha vikaja vita vya mwaka themanini na sita. Mtoto wa yule mrefu alikuwa askari wa jeshi lililoshindwa. Alitupa sare, akajificha kwenye dari ya nyumba ya baba yake. Dari ile ilikuwa moja na ya jirani, na kikohozi hakifichiki, kwa hiyo baba alimweleza marehemu mambo yalivyo na kumwomba asimwambie mtu. Marehemu akaapa. Siku chache baadaye, asubuhi, askari walifika, wakapita milango yote bila kubisha hata mmoja, wakaingia moja kwa moja kwenye nyumba ile na kumteremsha kijana.

Nani alisema? Mtaa mzima ulikuwa na jibu lake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema watu, wakiangalia upande wa nyumba ya Mkenya. Marehemu alikwenda kwa mwenzake mara moja tu, akasimama mlangoni, akasema si yeye. Mwenzake akaurudisha mlango. Tangu hapo hawakusemezana tena. Mwaka ukapita, wake zao wakiteka maji kwenye bomba lile lile huku wamepeana migongo. Marehemu, yule mbishi wa kubishia hata mvua, alinyamaza akakonda. Mkewe alimsihi warudi kwao, maana watu walikuwa wameanza kuutemea mate mlango wao, naye akakataa. Alisema akiondoka atakuwa amekiri. Kilichokuwa kimebaki kwake mjini hapa ni jina lake tu, na jina hilo lilikuwa mikononi mwa mtu mmoja asiyetaka kumtazama.

Wakati huo mimi nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda kidogo cha sabuni huko Namuwongo. Mwenye kiwanda alikuwa amepata boila ya injini kuukuu pamoja na tanuri lake, bila magurudumu, akaiweka juu ya matofali ili mvuke wake utokose sabuni. Mafuta yalikuwa hayapatikani, tukawa tunachoma maganda ya kahawa, nayo yanaacha masizi yanayonata kama gundi. Mvuke ukapungua siku hadi siku, mpaka sabuni ikawa haichemki. Tajiri wetu, mtu wa Mengo asiyejua yaliyotokea Nsambya, akauliza ni nani anayeijua kazi hii, akaambiwa wamebaki wazee wawili. Akawaita wote wawili, kila mmoja kwa mjumbe wake. Walipokutana langoni asubuhi ile, kila mmoja alisimama kama aliyekosea njia.

Nilidhani mmoja atageuza. Hakuna aliyegeuza, maana njaa ya miaka ile haikumruhusu mtu kuchagua wa kufanya naye kazi. Nikawapa taa, magunia na fito. Yule mrefu akaenda mbele, akaufungua mlango wa duara bila neno. Marehemu akavua shati, akajifunga kitambaa puani, akasimama kando ya tanuri. Mfupi ndiye anayeingia. Ndivyo ilivyokuwa tangu ujana wao. Nilikuwa mlangoni mwa stoo, na nilikuwa najua habari zao zote, kwa hiyo niliacha kuhesabu magunia nilipomwona akizunguka hadi mbele na kunyoosha mkono. "Naomba kofia yako," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Mwenzake alimtazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima. Kisha akaivua, akaenda nyuma mwenyewe, akaitundika kwenye mkono wa mlango, na marehemu akainama, akatambaa, akapotea ndani.

Walifanya kazi mpaka jua likawa la utosi. Kilichosikika ni mkwaruzo wa brashi, na mara kwa mara lile neno, "Taa," ambalo lilikuwa la kazi tu na halikuhesabika kuwa mazungumzo. Walipomaliza bomba la mwisho kukawa kimya, marehemu akiwa amejikunja kwenye kona ya tanuri akikwangua majivu. Hapo msimamizi wetu akatokea. Mafuta ya sabuni yalikuwa yanaganda kwenye sufuria, na mtia moto alikuwa nyuma yake na tambara lililolowa mafuta ya taa. Msimamizi aliona mlango uko wazi kidogo, akasikia kimya, akaona kofia. "Mzee nasahau kofia yake," akasema, akaitoa, akamwashiria mtia moto asogee. Sikuwahi hata kufungua mdomo. Yule mrefu alikuwa anazunguka boila kuja kunywa maji, mweusi kuanzia nywele, na sikupata kumwona mzee akienda mbio namna ile. Alimpokonya msimamizi kofia, akairudisha mahali pake, akauegemea mlango kwa mgongo wake wote.

"Ndani iko mtu yangu," alisema.

Msimamizi alijitetea kwamba hakujua. Mzee akamwambia kwamba sasa anajua. Kutoka ndani ya tanuri ikasikika sauti ya marehemu ikiuliza ni nani aliyeshika kofia. "Ni mimi," mwenzake akamjibu. "Wewe fanya kazi." Hayo ndiyo yalikuwa majibizano yao ya kwanza tangu kijana achukuliwe. Marehemu alipotoka, kofia ikatolewa, na wakaenda kunawa kwa sabuni yetu ambayo haijakomaa, mrefu akimmiminia mfupi maji kichwani. Hawakukumbatiana, wala hapakuwa na hotuba. Mimi nilirudi stoo nikakaa juu ya gunia, nikalia, na sioni haya kuliandika hapa.

Baadaye nilimwuliza yule mrefu ni nini kilichombadilisha. Akaniambia: "Mimi nakaa mwaka mzima na hii maneno. Kama yeye ndiye aliuza mtoto yangu, yeye anajua moyo yangu iko namna gani. Mtu kama huyo hawezi kuomba kofia yangu." Marehemu naye nilimwuliza kama hakuogopa kuingia. Alisema aliogopa sana. Halafu akaniuliza, kwa ule ubishi wake ambao siku ile ulikuwa umemrudia, sasa yeye angeingia kwa kofia ya nani mwingine.

Kijana hakurudi. Baba yake alimngoja miaka yote iliyofuata, na marehemu alingoja pamoja naye, jioni kwa jioni, kwenye benchi moja lililoegemea ule ukuta wao. Hadi leo hakuna anayejua aliyewaelekeza askari. Katika miaka ile mji huu ulijaa kuta za namna hiyo, huku na huku watu walioshuku na walioshukiwa, na tulisikiliza mahubiri mengi mazuri juu ya kusameheana. Siyadharau. Lakini mahubiri yalitutaka tuseme, na kusema ni rahisi. Mwenye hatia na asiye na hatia hukana kwa maneno yale yale. Wazee hawa wawili walikuwa na kazi isiyofanyika bila mmoja kuuweka mwili wake mikononi mwa mwingine, na kazi hiyo ikawauliza swali ambalo mahubiri hayakuweza kuwauliza. Siku hizi nawaona vijana wetu, kila mmoja na kufuli lake na mlango wake, na kazi ambayo aliianza na ataimaliza peke yake. Siwalaumu. Nawahurumia tu, kwa kuwa siku wakishukiwa hawatakuwa na tanuri la kuingia.

Alhamisi mwili uliletwa nyumbani Nsambya kwa sala, kabla ya safari ya kwenda kwao. Yule mrefu alikuja na fimbo, amepinda mgongo, akavua kofia na kuitundika kwenye kitasa cha mlango. Mpwa wa marehemu, kijana wa suti aliyetaka kuvuka mpaka kungali mchana, alinyoosha mkono aiondoe ili aweke shada la maua. "Acha hapo," mzee akamwambia taratibu. "Ndani iko mtu yangu." Kijana hakuelewa, lakini aliacha. Jeneza likatolewa, likapakiwa garini, mlango wa gari ukafungwa. Mzee akalitazama mpaka likakata kona, kisha ndipo akairudia kofia yake na kuivaa.

Somo nililolipata kwao ni hili: ukitaka kujua kama mtu anakuamini, usimwulize. Subiri uone kama anaweza kuja kukuomba kofia. Na tangu Alhamisi nimekuwa nikijiuliza, mimi mwenyewe siku yangu ikifika ningeiomba ya nani. Nimewapitia wote ninaowafahamu, na wa kwanza aliyenijia ni yule aliyekuwa akiniambia kwamba safu hii ni ndefu.