Pete ya Veronica Chini ya Sumaku

Veronica, mkemia kutoka Bukoba, alikuwa na kazi ambayo majirani zake wa mtaa wa Kabeza walishindwa kuisimulia. Alisaga vidonge vya dawa, akashindilia unga katika kichupa kidogo kama punje ya mpunga, kisha kichupa kikazungushwa kwa kasi ya ajabu ndani ya sumaku kubwa kuliko pipa la maji. Humo atomu huitika, na kwa mwitiko wake yeye alijua molekuli zimejipangaje ndani ya unga. Zikijipanga vibaya, kidonge hakiyeyuki vizuri tumboni.

Mlangoni mwa maabara kulikuwa na sahani. Kila aingiaye aliacha humo saa, funguo na simu. Veronica peke yake aliingia na pete ya ndoa. "Dhahabu haivutwi na sumaku," aliwaambia, na nani angembishia mjane? Laurean, marehemu mumewe, alimvisha akiapa kwamba ni dhahabu tupu. Ilipoanza kuchujuka upande wa kiganjani, Veronica alilaumu sabuni. Mkemia mzima! Lakini akipenda, chongo huita kengeza. Hakuwa na kitu kingine cha Laurean cha kushika akiongea peke yake, na siku hizi aliongea peke yake sana.

Jumamosi moja Mutsinzi, fundi ambaye kwa kawaida ndiye aliyepiga magoti chini ya sumaku, penye mvuto mkali, kufunga vifaa, alikuwa na sherehe ya posa. Maabara nzima ilialikwa.

"Mama, utakuja? Kiti yako iko," alimwambia.

"Nina kazi, mwanangu." Ukweli ni kwamba aliogopa kuketi kati ya watu waliokuja wawili wawili.

Basi siku hiyo akapiga magoti mwenyewe. Alipoinua mkono, kidole kikavutwa juu. Akadhani ni misuli. Akajaribu tena, pete ikavuta mpaka ngozi ikauma. Kumbe chuma, kilichopakwa rangi ya dhahabu!

Aliketi sakafuni akacheka, akimkumbuka Laurean alivyoapa na uso mkavu. Kisha hasira zikampanda. Mumewe angekuwa hai, angemgombeza hadi mtaa usikie, naye angeapa upya, wangenuniana mpaka chakula cha jioni. Alitamani ugomvi huo kuliko alivyowahi kutamani dhahabu.

Akaenda mlangoni, akaivua pete, akaiweka katika sahani. Wenye saa na funguo wote walikuwa sherehani.

"Laurean, mwongo wee!" akasema kwa sauti, akangoja ajitetee.