Chatu Mbele ya Wakwe

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kugombea wakulima, televisheni nazo zilifika Bariadi, na mimi fundi redio nikajiona fundi wa kila kitu. Manju mmoja, kiongozi wa ngoma, alitaka televisheni tatu jukwaani, chini ya turubai ili jua lisiue picha. Kwetu, baada ya mavuno, makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Wenzetu walikuwa wametushinda misimu miwili.

Sikutaka kubadilisha picha kwa mkono. Nilichonga gogo dogo, nikalipigilia vipande vya bati, likazungushwa polepole na mota ya gramafoni mbovu. Bati likigusa waya, picha inahama kutoka deki yenye kanda ya wachezaji kwenda deki yenye kanda ya chatu, nyoka wa ngoma yetu. Mazoezini nilipima wimbo kwa saa, ubeti kwa ubeti, kila kitu kikakaa sawa. Kiburi kilinijaa.

Siku yenyewe watu walipoanza kumiminika kwetu, manju alirudia ubeti wa kusalimu wakwe, kama manju yeyote angefanya. Gogo halikurudia. Manju alikuwa amepiga goti mbele ya baba mkwe wake, aliyekuja kutazama, na nyuma yake televisheni zote tatu zikatoa chatu aliyepanua kinywa. Uwanja mzima ulicheka. Mzee akaondoka kwa hasira, watu nao wakahamia ng'ambo, kwa wenzetu.

"Ng'wanawane, mwanangu," manju aliniambia jioni, "mashine yako haina adabu. Nitafute mwingine?"

"Nipe shindano moja tu, baba. Nikikosea tena, sishiki bisibisi."

Kwa aibu hata ugali ulinishinda, lakini kuacha sikuacha. Niling'oa mota. Nikafunga springi na kibao chini ya mkeka wa jukwaani: manju akikanyaga, gogo linasogea bati moja, kisha linangoja. Halafu nikaenda na mpiga video wa harusi zizini kwa baba mkwe wa manju, nikamwomba radhi, nikaomba na ruhusa ya kupiga picha ng'ombe wake. Alikubali kwa kichwa tu.

Shindano lililofuata mzee alisimama upande wa wenzetu. Manju akamsalimu mara tatu, mara nne, mguu ukiwa bado nje ya mkeka. Mimi nilikalia mikono yangu isije ikagusa mashine. Mara ya tano akataja ng'ombe wa mahari aliompelekea mzee, rangi kwa rangi, akakanyaga, na ng'ombe wenyewe wakajaa televisheni zote.

Mzee akavuka uwanja kwenda kuwatazama ng'ombe wake, na nyuma yake wakavuka watu wa ng'ambo.