Hema la Juu ya Gari na Safari ya Bibi

Ilianza Jumamosi, saa kumi na moja na robo jioni, nilipomwambia baba kwamba nataka kulala juu ya gari. Naandika hivyo ili baadaye nisije nikasema lilikuwa wazo lake.

Tulikuwa Chome, uani kwa bibi, mama yake baba. Tulipanda kutoka Same kumchukua. Mguu wake umevimba tangu mvua zianze, na muda wote huo alikataa kushuka hospitali. Safari hii alikubali, kwa sharti moja: tuondoke alfajiri ya Jumapili, kabla watu hawajatoka kwenda kanisani. Kule mzee akionekana anapakiwa kwenye gari, majirani wote wanakuja kumwombea na kumshika mikono, mpaka mwenyewe anaona kama anaagwa. Bibi alisema hataki kuagwa akiwa hai.

Baba ni dereva wa watalii. Hema alilinunua likiwa limeshatumika, akalifunga juu ya keria ya gari. Mimi nilikuwa nimeliona limekunjwa tu, kama sanduku. Kusema kweli nililitaka kwa sababu ndani ya nyumba ningelala kitanda kimoja na bibi, na ningetakiwa kuongea. Kuongea siwezi, hata na bibi.

Bibi alitoka na fimbo yake, akamwangalia baba anavyovuta ngazi.

"Kwani nyumba yangu ina kunguni?"

"Hapana, mama. Mtoto anataka kujaribu."

"Na shuka jipya nimetandika. Haya, laleni huko juu kama kuku. Jogoo akiwika mumjibu."

Baba alicheka. Mimi niliangalia chini.

Hema lenyewe ni zuri, sitalisingizia. Lilifunguka kwa dakika tano. Godoro limo humo humo, na siafu wanaopita uani kwa bibi hawakufikii. Tope halikufikii. Kuna dirisha la wavu, na kabla giza halijaingia niliona tambarare yote ya Same huko chini, imekuwa rangi ya majivu. Lakini ua wa bibi umeinama, kwa hiyo nililala nimeserereka ubavuni kwa baba, na yeye akigeuka gari zima linatikisika. Halafu pumzi zetu hazikuwa na pa kutokea. Asubuhi dari ilikuwa inatona.

Tuliamka saa kumi na moja na nusu. Nje ukungu mtupu, turubai limelowa kama limetolewa kwenye beseni. Bibi alikuwa ameshakaa kwenye kigoda mlangoni, kilemba kichwani, mkoba miguuni.

Hema likiwa wazi, gari haliendi popote. Hilo ndilo kosa lake kubwa, na hatukulifikiria, hata baba anayelifungua kila mara. Watalii wake hawana haraka ya alfajiri. Tulikunja, likafumuka. Turubai likilowa linakuwa zito na nene, na mfuniko wake wa zipu unakuwa kama umesinyaa. Tukakunja tena.

"Likalie," baba aliniambia. "Toa hewa."

Nikalikalia. Baba akavuta zipu, ikafika katikati, ikang'oka meno. Akaenda kutafuta kamba. Nikiwa kule juu, nguo imelowa matakoni, nikamwona mama wa kwanza anatokea kwenye ukungu na gauni jeupe na kitabu cha nyimbo. Nyuma yake wawili.

"Shikamoo, mama. Kumbe leo unashushwa?"

"Marahaba. Nani anashushwa?" bibi alisema. "Nimekaa nawaangalia hawa wanavyocheza na mzigo wao."

Akausukuma mkoba nyuma ya mlango kwa fimbo. Wale mama wakaniangalia, nikaangalia kamba ambayo baba alikuwa amerudi nayo. Walipopita, baba alikuwa amemaliza kufunga. Jua lilikuwa limetoka.

"Mama, twende."

"Siku nyingine."

"Na mguu?"

"Mguu ni wangu."

Akaingia ndani. Nilingoja nisikie kitu, aibu au huzuni. Sikusikia kitu, ila nguo iliyolowa.

Baba alikaa kwenye bampa ya mbele. Baadaye akasema tulifungue tena likauke, maana likikaa na maji litaoza. Tukalifungua. Dakika tano.

Halafu nikaingia ndani. Nikauchukua ule mkoba, nikatoa kanga mbili, sabuni, kandambili na kadi ya hospitali, nikarudisha kila kitu mahali pake pa kila siku. Bibi alikuwa kitandani, mguu juu ya mto, amefumba macho. Lile shuka jipya, upande wa ukutani, lilikuwa bado na mistari ya kukunjwa. Nikavua viatu, nikalala upande ule.