Kopo la Juu ya Kabati

Mwezi wa nne baada ya kumzika mkewe, Mzee Sawa alitamani kahawa.

Jina hilo mkewe ndiye aliyempa. Kila asubuhi, miaka arobaini na mmoja, alimwekea kikombe upande wa kulia, akasimama hapo hapo, akauliza, "Ikoje?" Naye, macho kwenye kiti anachosuka, alijibu, "Sawa." Basi. Mkewe akacheka, akaanza kumwita Mzee Sawa. Majirani wakalidaka, jina likaganda.

Kusuka viti ndiyo kazi aliyoijua. Umletee kiti kilichotoboka mpaka kinaonyesha sakafu, atakurudishia ukikalie na wajukuu wawili juu. Maneno ndiyo hakuwa nayo. Sasa nyumba imenyamaza, na lile swali likawa halimtoki kichwani. Alikuwa na jibu jingine, zuri kuliko sawa, ila limekuja wakati mwenye kuuliza hayupo. Akataka, hata mara moja tu, ainywe tena kahawa ile ile, amjibu. Hata kama ni kuujibu ukuta.

Jikoni, karibu na jiko, palikuwa na kopo la maziwa ya unga, mdomo umefungwa kitambaa. Akalitikisa. Buni zikalia ndani. Mkewe alikuwa akizichambua kwa mkono wake, punje moja moja, kabla hajaugua. Akalikumbatia kama mtoto.

Alikuwa amemwona akikaanga mara nyingi kuliko nywele za kichwani mwake, lakini kuona si kutazama. Akaweka kikaango motoni, akamwaga konzi mbili, akakoroga kwa mwiko. Moshi ukamtoa machozi, na kwa kuwa amepata kisingizio, akayaacha yatoke. Akatwanga, akachemsha, akachuja, akakaa kitini pake.

Funda la kwanza alilitema.

Ilikuwa na ladha ya gunia lililonyeshewa. Kesho yake akapunguza moto. Gunia. Keshokutwa akaziepua mapema, zikiwa bado hudhurungi. Gunia vilevile. Ndipo akalipeleka kopo mlangoni kwenye mwanga, akatia kiganja, akatazama kweli. Punje nyeusi. Punje zilizovunjika. Punje zenye vitundu vya wadudu.

Damu ikamchemka. Mtu amemwona mama wa watu mgonjwa, hana nguvu ya kuchambua, akambambikia takataka! Akalitia kopo kwapani, akatoka bila kofia.

Muuza buni alikuwa akifagia mbele ya duka lake. "Karibu, Mzee Sawa!"

"Leo si sawa." Akamwaga buni kidogo kwenye meza. "Hizi umemuuzia mke wangu?"

Muuza buni akavaa miwani, akazigeuzageuza kwa kidole. "Mimi? Nimuuzie shemeji hizi? Hivi wewe mkeo unamjua kweli? Yule akija hapa anazamisha mkono mpaka chini ya gunia, maana juu, anasema, ni pa kuonyesha wageni. Ananusa. Anang'ata punje. Ikibonyea kwenye jino, haichukui, bado ina maji. Siku moja kaning'atia magunia matatu mbele ya wateja, wote wakaondoka naye!"

"Hizi zimetoka wapi, basi?"

"Ni makapi, bwana. Hata buni ziwe nzuri vipi, ukizimwaga kwenye ungo, mbovu hazikosekani. Watu huzitupa."

"Hakuzitupa."

"Hilo kaulize kwako."

Kwake hakukuwa na wa kuulizwa mpaka Jumamosi, bintiye alipokuja kumfulia. Mzee akamwekea kopo mbele yake, akamweleza. Binti akaacha nguo kwenye beseni.

"Baba, kweli ulikuwa hujui?"

"Nini?"

"Kopo hili ni lake. Lako lipo juu ya kabati."

Akapanda kigoda, akashusha kopo la biskuti. Buni za humo zilikuwa kavu, rangi ya kijani iliyofifia, ukubwa mmoja kama zimepimwa.

"Alikuwa anapika mara mbili," binti akasema. "Yako kwanza, halafu yake. Mbovu moja inaharibu kikombe kizima, ndivyo alivyosema, na kuzitupa anaona uchungu."

"Mbona mimi sikuona?"

"Utaona saa ngapi na kiti umekipakata? Nilimwambia, mama, si umwambie? Akacheka. Akasema, siku atakayosema zaidi ya sawa, nitamwambia."

Mzee akatazama mikono yake. Vikombe viwili, meza moja, miaka yote hiyo, na hajawahi kuonja cha mwenzake.

Akachukua ungo, akamimina zile nzuri. Zilikuwa za kupika mara tatu, nne kwa kubana.

"Ndiyo, baba," binti akasema, uso umefunguka. "Kaanga hizo, uinywe ile aliyokuwa akikupikia mama. Ila usizitwange leo. Yeye alikuwa anaziacha zilale. Ukizitwanga zikiwa za moto, zinabaki na ladha ya moshi."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Kisha akamwaga na zile za kopo la mkewe juu yake.

"Baba! Unafanya nini? Ndizo zilizobaki hizo! Utazitenganishaje?"

"Sizitenganishi." Akazichanganya kwa mikono yote miwili.

"Hutaipata tena ile kahawa. Unanisikia? Hutaipata tena."

"Najua."

Akakaanga taratibu, akaziacha zilale. Jumapili binti akarudi, akamkuta ameshatwanga. Wakachemsha birika moja, wakajaza vikombe viwili. Mzee akanywa. Binti alikuwa amesimama pale pale, upande wa kulia, na swali likamponyoka kabla hajalizuia.

"Ikoje?"

Mzee akakaa nayo mdomoni muda mrefu.

"Ile yangu ipo," akasema. "Inatangulia kidogo. Ndiyo kwanza unaanza kuifurahia, gunia linakuja, linaifunika." Akakishusha kikombe. "Yeye hata hicho kidogo hakukipata. Kila siku alianzia kwenye gunia."

Bintiye hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Akageuka, akajifanya anatafuta kitu kwenye beseni.

Mzee akakinywa kikombe mpaka kwenye machicha, bila kukunja uso, maana mkewe hakuwahi kuukunja.