Picha Niliyoifunika kwa Rangi

Mama alipoanza kusahau sura ya dada yangu, nilimchorea. Dada alifariki njiani tulipokuwa tunakimbia vita kutoka Uvira, akiwa na miaka tisa, na hatukubaki na picha yake hata moja. Katika mchoro wangu nilimlaza kwenye majani mabichi, amefumba macho, nyuma yake ziwa limetulia. Mama aliitundika sebuleni kwake Hagsätra, huku Uswidi tulikokimbilia. Watu wa kanisa walikuja, wakalia, wakasema Mungu amenipa kipaji.

Mimi nilitaka kujua kama kweli nimeweza. Mwalimu wetu Mswidi wa darasa la jioni la uchoraji, kila kazi alisema ni "fint", yaani nzuri, akapita kwa jirani yangu. Basi nikaiazima ile picha kwa mama, nikaipeleka Jakobsberg kwa mama mmoja Mrundi. Kwao alifundisha uchoraji sekondari, nami nilimwita Mwalimu. Hapa alikuwa akiosha vyombo katika jiko la shule.

Nilipomwambia ni dada yangu aliyefariki, aliisimamisha juu ya kiti karibu na dirisha, akaitazama mpaka chai yangu ikapoa.

"Shingo haijashikana na mabega," akasema. "Na mwanga unatoka pande mbili. Hayo yanarekebishika. Lakini alikufa amelala hivi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Alikufaje?"

Nikamweleza: kipindupindu, mvua, turubai lililovuja, mdomo uliobaki wazi.

"Sasa mbona umenidanganya?"

"Watu walilia walipoiona."

"Walimlilia mtoto. Picha yako haikufanya kazi yoyote hapo."

Nilirudi kwangu Hallunda nimefura kwa hasira. Wiki tatu sikushika brashi. Lakini kila nilipoitazama ile shingo nilijua amesema kweli. Nikaanza upya, juu ya kitambaa kile kile. Kipya sikuwa nacho, na nisifiche: nilitaka ile ya uongo ipotee kabisa. Nilichora mdomo. Nilichora vidole vilivyokuwa vimeshika ukingo wa blanketi, kitu ambacho sikujua kama bado ninakikumbuka.

Mwalimu alikuja mwenyewe kuiona, na koti lake la theluji hakulivua.

"Hapa umemwona," akasema. "Usiguse tena."

Sijawahi kusifiwa nikafurahi vile. Jumapili nikaipeleka kwa mama.

Aliitazama akiwa amesimama. Akagusa shavu lililochorwa.

"Yule mwingine yuko wapi?"

"Yuko chini ya huyu, mama."

"Mtoe."

"Hawezi kutoka. Rangi imeshakauka."

Akakaa kitini taratibu, kama mtu anayeogopa kuanguka. "Huyu nilishamzika, mwanangu. Yule alikuwa amelala vizuri. Sasa umeniulia tena."

Nikampigia Mwalimu simu, nikitaka angalau kumlaumu.

"Uliniuliza juu ya picha," akasema. "Juu ya mama yako hukuniuliza. Pole sana. Na mimi ningepaswa kukuuliza ilikuwa ya nani."

Nilijaribu mara tatu kuichora ile ya kwanza: majani yale yale, ziwa lile lile. Mkono ulikataa. Kila uso uliotoka ulikuwa wa mtoto nisiyemjua. Mama aliziangalia zote tatu kwa heshima, akasema asante, kisha akaniomba nisimchore tena dada.