Ubao wa Ghorofa ya Pili

Fundi Mkongojo, seremala, hapandi ngazi ng'o. Mguu wake wa kushoto ulipooza akiwa mtoto, na hutembelea mkongojo aliouchonga mwenyewe. Watu wakampa jina hilo, naye hakulikataa. Miaka sita iliyopita aliitengenezea ofisi ya ustawi wa jamii ubao wa matangazo, wenye fremu ya mbao ngumu na kioo. Aliukabidhi mlangoni, wenyewe wakaupandisha juu.

Juzi karani wa ofisi hiyo alikuja karakanani kuagiza ubao mwingine.

"Ule umejaa, fundi."

"Umejaa nini?"

"Matangazo ya posho ya walemavu. Sheria inatutaka tuwajulishe wananchi, nasi tunabandika tangu mwaka ule ulipoutengeneza. Hawaji kuomba. Watu wetu hao! Wavivu wa kusoma, halafu lawama zote kwetu."

Alisema hayo huku akiusogeza mkongojo uliolazwa kwenye benchi, apate pa kukaa.

Fundi aliendelea kupiga randa. "Ule mliutundika wapi?"

"Ghorofa ya pili, nje ya ofisi ya mkuu. Na huu utakaa papo hapo."

"Njoo Ijumaa."

Ijumaa karani aliukuta ubao umeshapigiliwa misumari minane kwenye ukuta wa nje wa karakana, usawa wa macho ya mtu aliyeketi.

"Fundi, mbona umeutundika hapa?"

"Kwa sababu mnaowatafuta tuko huku chini. Kayalete hayo matangazo, mwanangu. La kwanza nitalisoma mimi."